Tulipoiondoa Kanuni ya Sauti Kwanza

2 Machi
Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama: mimi ni msimamizi. Ninasimamia ukumbi wa mtandaoni wa watu wenye kigugumizi. Humo ninaitwa Kurasa, na watu wazima wenye watoto wao huniomba ruhusa na kuniambia asante. Shuleni ninaitwa Injini Baridi, kwa sababu, wanasema, mpaka nisukumwe ndipo niwake.

Nyumbani siitwi vibaya. Nyumbani mama ananimalizia sentensi. Anafanya hivyo kwa upendo, kama mtu anayemshika mtoto mkono avuke barabara, ila mara nyingi ananivusha barabara nisiyoitaka. Nikianza tu "Mama, naomba ch..." chai imeshafika. Nilitaka chumvi. Nimekunywa chai nyingi sana katika maisha yangu.

Muhula umeanza. Nimeamua kuandika humu mpaka mvua ziishe.

4 Machi
Joto. Mvua hazijaja. Mama amepata kazi ya kushona sare za shule ya jirani, sebule yote ni vipande vya kitambaa cha bluu.

5 Machi
Nieleze Ukumbi ulivyo, nisije nikasahau nikizeeka.

Hatuandikiani sana. Tunarekodi. Mtu anajirekodi akisimulia siku yake, au akisoma gazeti, au akipambana na neno linalomkwamisha, kisha anaiweka sauti yake na wengine wanaisikiliza. Hakuna kumshauri mtu asiyeomba ushauri. Hakuna kuitoa sauti ya mtu nje. Na kabla ya yote hayo ipo kanuni tunayoiita Sauti Kwanza: husikii sauti ya mtu yeyote mpaka uweke yako. Ukifika mlangoni unakuta ukurasa mtupu na kitufe chekundu. Ukirekodi, hata kama ni jina lako tu na hata kama halikutoka lote, sisi wasimamizi tunakusikiliza na kukufungulia.

Tuko wasimamizi watatu. Mzee wa Saa ndiye aliyeuanzisha Ukumbi. Anatengeneza saa katika mji nisioujua. Dada Karani anafanya kazi mahakamani na kila asubuhi inambidi asome majina ya watu kwa sauti mbele ya umati. Wa tatu ni mimi, waliyenichagua kwa sababu, alisema Mzee wa Saa, "huyu mtoto anajibu kila mtu kama anajibu mkwewe."

Kabla ya kuingia nilikaa mlangoni karibu mwaka. Nilikuwa nafungua, natazama kile kitufe, nafunga. Hilo pia sijamwambia mtu.

9 Machi
Mvua imefika! Imepiga bati kuanzia saa nane mchana, nami nikagundua kitu: mvua ikinyesha hivi naweza kusema kwa sauti kubwa chumbani na hakuna anayesikia. Nimesoma sura nzima ya kitabu cha jiografia. Nilikwama kwenye "bonde" na "bahari" na "baridi", na hakuna aliyeniletea chochote.

10 Machi
Nimeweka rekodi yenye mvua. Mzee wa Saa akajibu kwa sauti yake ile ya kukokota: "Mvua yako inazungumza vizuri sana, binti yangu. Sasa tungoje zamu yako."

12 Machi
Rekodi mpya ya Chiriku. Alijipa jina la ndege mwenye kelele kwa sababu, anasema, hata bubu ana haki ya kuota. Ni kijana anayejifunza ufundi gereji, ananizidi miaka michache. Baba yao amefariki, na mwezi wa tano dada yake anaolewa. Yeye ndiye mwanamume pekee wa nyumba, kwa hiyo amesema atasimama mbele ya wageni na kuwakaribisha. Kila wiki anarekodi maneno yaleyale: jina lake, jina la dada yake, karibuni. Nyuma yake nyundo za gereji zinagonga.

Leo jina lake limetoka katika jaribio la tatu. Ukumbi mzima umeshangilia.

14 Machi
Mtu mmoja aliyekwama mlangoni ametuandikia kwenye anwani ya wasimamizi. Hakurekodi, ameandika: "Nimekuja hapa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nimebonyeza, sauti haitoki. Nilitaka tu kusikia watu wengine kama mimi wapo. Basi, siwasumbui tena."

Nimesoma mpaka macho yakaniwasha. Huyo ni mimi, mwaka juzi. Nikaandika kwenye chumba chetu cha wasimamizi kwamba kanuni ilegezwe. Tuwaruhusu watu kuingia kama wasikilizaji, wakae, wakipata nguvu watarekodi.

"Binti yangu," aliandika Mzee wa Saa, "mlango mgumu ndio umetuweka salama miaka yote hii."

"Mzee, mlango huohuo umewaacha nje wale waliotuhitaji kuliko wote."

"Mdogo wangu ana hoja," akasema Dada Karani. "Ila mimi kwa kazi yangu naomba jambo moja. Amri ikilegezwa, ilegezwe kwa tarehe, na iwekwe tarehe ya kuiangalia tena kama imeleta heri au shari."

"Tarehe, tarehe! Karani na mihuri yake."

"Mzee, wewe fundi saa unaogopa tarehe?"

Nilicheka peke yangu hadi kaka akachungulia mlangoni kuuliza kama nimepata mchumba.

20 Machi
Tumeamua wanachama wapige kura. Nimewaandikia wengi mmoja mmoja. Nimewaeleza habari za mtu wa mlangoni, bila kumtaja. Chiriku alisita kidogo. "Hao watakuwa wananisikia, na mimi siwasikii?" aliuliza. Nikamwambia ni kwa muda tu, mpaka wazoee. Akasema, "Sawa, Kurasa. Kwa ajili yako hata tukiambiwa tuupake Ukumbi rangi ya waridi, napiga kura ndiyo."

22 Machi
Ndiyo imeshinda kwa mbali. Tangazo nimeliandika mimi. Ile tarehe ya Dada Karani ya kuiangalia tena kanuni haikuingia. Tulikuwa na furaha, na mimi nina jaribio la kemia kesho. Mzee wa Saa aliandika tu: "Haya. Tumefungua." Mlango ulipofunguka, mtu wa mlangoni alikuwa wa kwanza kuingia. Alijiita Pazia.

23 Machi
Kemia mbaya. Ukumbi mzuri.

25 Machi
Pazia ametuandikia kuwa amesikiliza rekodi tangu alipotoka kazini mpaka chakula kikapoa, na kwa mara ya kwanza amejiona si kituko. Nimeyanakili maneno hayo nyuma ya daftari la hesabu. Sidhani kama nimewahi kufanya jambo la maana kama hili.

28 Machi
Wanaingia kama watu wanaokimbia mvua. Wanaambizana huko nje. Wengi hawana kigugumizi: mama wa fulani, mwalimu wa fulani, wengine hawasemi ni nani. Nilifurahi kuhusu akina mama. Nilifikiri hata wangu angeweza kuingia, siku moja.

29 Machi
Mvua. Sare. Mvua.

2 Aprili
Dada Karani ameona kitu. Wasikilizaji wanaongezeka, rekodi zinapungua. "Zamani nilikuwa najua nazungumza na nani," alisema. "Sasa ni kama kusimama mbele ya dirisha la kioo cheusi. Wao wananiona, mimi naiona sura yangu mwenyewe." Nikamjibu kwamba ni ugeni, utaisha.

6 Aprili
Ushauri umeanza. Chini ya rekodi ya Chiriku mtu ameandika, "Kaka, vuta pumzi kwanza." Mwingine, "Imba, watu kama ninyi mkiimba hamkwami." Wa tatu, "Jikaze, ni woga tu huo."

Mzee wa Saa alitaka kuwaondoa wote. Nikamsihi tuwe wapole, hawajui, wafundishwe. Niliwaandikia kila mmoja kwa adabu. Mmoja akanijibu: "Kama mmeacha ile kanuni kubwa, hizi ndogo mnazing'ang'ania za nini?"

Nimelifikiria swali hilo siku nzima. Kanuni zilikuwa zimeegemeana kama fito za ukuta. Tulivuta moja tukidhani nyingine zitabaki zimesimama.

9 Aprili
Chiriku bado anarekodi, ndiye pekee anayerekodi kila wiki. Anasema, "Kama hawa wageni wa kioo nawaogopa, wageni wa arusi nitawaweza vipi?"

11 Aprili
Bati linavuja juu ya kitanda changu. Kaka kaziba kwa mfuko wa plastiki na kujiita mhandisi.

17 Aprili
Sijui nianzie wapi.

Kaka alirudi jioni amelowa chapachapa, anacheka peke yake. Mama alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni. Mimi nilikuwa nakata nyuzi zilizobaki kwenye pindo.

"Mama, sikiliza hii," kaka akasema. "Mji mzima wanaicheza."

Akaweka simu juu ya meza. Kwanza ikaja ngoma, nikadhani ni wimbo tu. Halafu nikaijua ile ngoma. Zilikuwa nyundo za gereji. Juu yake ikaja sauti ya Chiriku: ji, ji, ji, ji, jina, ji, ji. Mtu alikuwa ameikata na kuirudia, akaipangia mdundo, akaongeza vigelegele mwishoni. Sauti ya mtu ninayemfahamu, inayumba mezani kwetu juu ya kitambaa cha bluu.

Mama alicheka. Alicheka kidogo, kwa pua, kwa sababu ya pini. Halafu akanitazama, kicheko kikakatika.

"Zima," akamwambia kaka.

"Kwani vipi?" Kaka naye akanitazama, ndipo akaelewa, au akadhani ameelewa. "Aa, mdogo wangu, usijitie humo. Wewe ni wewe, huyu ni huyu. Wewe sisi tumekuzoea."

Nilitaka kumuuliza umeipata wapi. "U-u-u..." nikaanza.

"Ukanunue maandazi?" mama akasema haraka. "Nenda, mwanangu, mvua imepungua."

Nilitoka. Mvua ilikuwa haijapungua. Nilisimama chini ya upenu wa duka lililofungwa na kuifungua simu. Ukumbini Chiriku alikuwa hajaweka lolote. Dada Karani alikuwa ameandika neno moja kwenye chumba chetu: "Mmesikia?"

Nikiwa pale ndipo nilipoona tulichofanya, na nashangaa hatukukiona mapema, watu watatu tunaojidai waangalifu. Si mlango tu tuliowafungulia watu wapya. Tuliwafungulia na vyumba vyote vya zamani. Kila aliyerekodi miaka ile alirekodi kwa ahadi kwamba kila anayesikia naye ametoa sauti yake. Kila mtu alikuwa ameshika kitu cha mwenzake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu. Sisi tuliibadili ahadi, kisha tukaziacha sauti zao palepale, mbele ya watu ambao hatukushika chochote chao. Tulitakiwa kuzifungia kwanza sauti za zamani na kumuuliza kila mwenye yake: unakubali wasikilizaji wakusikie? Ukikataa, ibaki imefungwa. Ni jambo dogo, la siku chache. Halikutupitia akilini kwa sababu tulizoea kwamba aliye ndani ni mwenzetu.

Kura hazikuhalalisha hilo. Waliopiga kura ni wale waliokuwepo. Wengi walishaacha sauti zao wakaenda zao wakituamini. Na Chiriku, aliyekuwepo, aliniuliza swali la haki kabisa, na mimi nikamjibu kwa wepesi.

18 Aprili
Shuleni wameipata wote. Wakati wa mapumziko kijana mmoja wa dawati la nyuma aliiweka kwenye spika.

"Injini Baridi! Huyu si ndugu yako? Mnafanana!"

Nikasimama. Sijawahi kusimama darasani bila kuitwa. Nilitaka kusema sentensi moja: huyo ni rafiki yangu na sauti yake imeibwa. "Huyo ni ra... ra... ra..."

Wakaanza kugonga madawati kwa mdundo uleule, wakinifuata. Hawakuwa na chuki hata kidogo. Walikuwa wanafurahi tu, kama watu waliopata ngoma. Msichana ninayekaa naye alinivuta sketi, "Kaa, mwenzangu, kaa." Mwalimu akaingia akauliza ni kelele gani. "Wimbo, mwalimu." Akaomba ausikie. Nikaona midomo yake ikijizuia kucheka.

Nilikaa.

19 Aprili
Tumeirudisha kanuni na kuzifunga rekodi zote. Kilio kimekuja upande mwingine. "Mnatufukuza wote kwa kosa la mmoja." "Mlitualika ninyi wenyewe." Na Pazia, kwa upole ambao umeniumiza zaidi: "Juzi nilikuwa nimeanza kupata nguvu ya kubonyeza. Sasa hata nikiweza, nimwekee nani?"

Nani aliitoa ile sauti? Hatujui na hatutajua. Ni majina tu, yamejaa ukurasa, hayajawahi kutoa hata kikohozi.

20 Aprili
Tumewaandikia wanaoisambaza waiondoe. Mmoja alijibu kwa picha ya mtu anayecheka.

22 Aprili
Chiriku ameniandikia. Hajawahi kuniandikia, sikuzote alirekodi.

"Kurasa. Gereji wananiita kwa ule mdundo, wanagonga spana. Bosi pia. Dada yangu alilia, halafu akasema basi mjomba ndiye atakayewakaribisha wageni, watu wasije wakacheka siku yake. Nimekubali. Sikulaumu, nilipiga kura mwenyewe."

Nilimwandikia kurasa mbili. Nilipobonyeza kutuma, nikaambiwa akaunti hiyo haipo.

25 Aprili
Mvua.

26 Aprili
Mvua. Mama ameniuliza kama naumwa. Nilianza kujibu. Akanimalizia: "Tumbo." Nikatikisa kichwa kukubali.

3 Mei
Leo ni arusi ya dada yake Chiriku. Niliwaza saa ya kukaribisha wageni, mjomba akisimama, akizungumza bila kukwama, na Chiriku amekaa mahali fulani katika safu, amevaa vizuri. Mvua haikunyesha hata tone. Nimeichukia mvua kwa hilo, ingawa najua ni upuuzi.

8 Mei
Wanachama wa zamani wanaondoka na sauti zao. Wanaomba kwa adabu: "Naomba mnifutie." Ninawafutia. Dada Karani ameaga jana. Amesema sasa mahakamani akiita jina huwa anatazama kwanza kama kuna aliyeinua simu. "Sijakukasirikia, mdogo wangu," alisema. "Ile tarehe nilipaswa kuidai zaidi."

11 Mei
Mzee wa Saa amenipigia simu. Hatujawahi kupigiana. Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye kamba za nguo.

"B-binti yangu."

"Sh-shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akakaa kimya muda mrefu, na nilijua ni neno linalomkwama, nikamngoja. "Tuufunge."

"Mzee, t-tunaweza kuanza upya. K-kanuni imerudi. Tukae sisi wachache..."

"Imerudi kwenye karatasi. Mimi mwenyewe j-jana nilijirekodi, nikafuta. Nilijisikiliza kama wanavyosikiliza wao. Miaka sijafanya hivyo." Nilisikia saa zake nyuma, nyingi, kila moja na wakati wake. "Wewe ulitaka kuwaonea watu huruma. S-sikatai. Na mimi nilikuwa mkubwa wenu, nikakubali kwa sababu nilichoka kuonekana mgumu."

"N-nisamehe, Mzee."

"Nikusamehe mimi? S-sauti iliyotoka si yangu." Halafu akasema, "Ufute wewe. Mimi niliyeuanzisha s-siwezi kuufuta."

12 Mei
Leo baada ya shule sikupita popote. Nilirudi moja kwa moja, nikaweka tangazo Ukumbini kwamba unafungwa jioni, na anayetaka sauti yake aichukue. Wachache walichukua. Pazia aliandika, "Nitakwenda wapi?" Nilimjibu kwamba sijui, kwa sababu sijui.

Saa kumi na mbili nilifuta rekodi zote. Simu iliuliza kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo. Nikafuta ukurasa wa kanuni, kisha akaunti yangu.

Mama akaniita, zipu zimemwishia na sare zinachukuliwa kesho. Nilivaa viatu nikaenda dukani. Mvua zimekatika, barabara imeanza kutoa vumbi. Nilikuta watu wanne kwenye foleni, na mmoja wao ameshika simu. Zamu yangu ilipofika, muuza duka aliniuliza, "Nikupe zipi, mwanangu?"

Nilinyoosha kidole. Akanifungia, nikarudi nyumbani.